Tochi ya Zahanati na Kinena cha Baba

Wagonjwa wangu wa miaka ile walikuwa na viungo vitatu tu: kichwa, mgongo na tumbo. Kichwa kilianzia utosini kikaishia shingoni. Mgongo ulichukua mabega, kiuno na miguu yote miwili. Kilichobaki chote kilikuwa tumbo. Mwanamke mwenye maumivu ya kizazi alikuja na tumbo, mwenye kichomi alikuja na tumbo la juu, na mwanamume aliyekuwa akikojoa usaha alitazama sakafu ya saruji akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tumbo la chini halimpi raha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Asubuhi nyingi nilikuwa nimeshakasirika kabla chai yangu haijapoa.

Zahanati yetu ilikuwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Kisarawe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Soga. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka mashambani kwao, nyumba zikapangwa kwa mistari, na mwisho wa mstari wa kwanza ikajengwa zahanati ya vyumba viwili na baraza. Nilisomea uganga wa zahanati Kibaha, nikaomba nirudishwe karibu na kwetu, na serikali kwa bahati ikanisikia. Nilikuwa mganga wa pekee. Mwenzangu alikuwa mkunga, na wanaume hawakumruhusu hata awapime homa.

Majina ya viungo vya mwili sikuyajulia chuoni. Niliyajua kwa baba. Baba alikuwa mkulima wa mihogo na korosho kama watu wote, lakini kisu chake ndicho kilichoitwa kwenye harusi, kwenye hitima na siku za Idi. Akishamchinja mbuzi na kumning'iniza, alimpasua taratibu huku akinitajia kimoja kimoja. Hili ini. Hiki kifuko cha kijani kilichojibanza chini yake ni nyongo, ukikitoboa umeharibu kitoweo cha watu. Hii bandama. Hizi figo, mbili, kila moja na mafuta yake. Huu utumbo mwembamba, huu mpana, na hii ngozi laini yenye mafuta ndiyo inayoufunika wote usitapakae. Mwalimu wa chuo alipotuuliza siku ya kwanza bandama iko wapi, darasa zima lilinyamaza isipokuwa mtoto wa mchinja mbuzi.

Basi nami niliwaeleza wagonjwa wangu kwa njia hiyohiyo. Kila mtu kijijini alikuwa ameona mbuzi aliyepasuliwa. Mama mwenye mtoto wa nimonia nilimwambia kwamba pafu la mbuzi ukilishika ni jepesi, limejaa hewa, lakini la mtoto wake limeingia maji upande mmoja, limekuwa zito kama ini, ndiyo maana anahema haraka haraka. Mwenye safura nilimgeuza kope nikamwonyesha mkewe kwamba ndani palipotakiwa kuwa pekundu ni peupe, kwa sababu minyoo imeng'ata utumbo inakunywa damu. Mtoto wa malaria za kurudiarudia nilishika mkono wa mama yake nikauweka chini ya mbavu za kushoto, akaisikia bandama iliyovimba. Mtu akishajua ugonjwa umekaa wapi, anakunywa dawa bila kubembelezwa.

Palikuwa na sehemu moja tu ambayo mbuzi hakunisaidia. Si kwamba mbuzi hana. Hakuna aliyetaka niitaje.

Pwani yetu ni nchi ya mabusha. Mbu anamuuma mtu, anamwachia vijidudu vyembamba kama uzi, vijidudu vinaziba njia za maji ya mwili. Wengine maji hayo yanawajaa miguuni, wanapata matende. Wengine yanakusanyika kwenye mfuko wa korodani, mfuko unakuwa mkubwa mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo busha. Haliumi sana. Mtu anabadilisha namna ya kukaa, anavaa msuli mpana au kanzu, maisha yanaendelea. Wazee walilifanyia hata mzaha, wakasema mwanamume wa huku asiyekuwa nalo bado hajamaliza kukua.

Lakini mahali palepale panaweza kuvimba kwa sababu nyingine. Ukuta wa tumbo ni misuli. Kwenye kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo, ukuta huo una kijitundu ambamo inapita kamba inayoishikilia korodani. Mtu akibeba mizigo mizito miaka mingi, kijitundu kinaweza kulegea, na kipande cha utumbo kikapenya na kuteremka mpaka kwenye mfuko huo. Hiyo ndiyo ngiri. Kwa nje huwezi kutofautisha: uvimbe ni uvimbe. Ndani, mmoja ni maji na mwingine ni utumbo. Mwenye maji anaweza kuishi nayo mpaka azeeke. Mwenye utumbo anaishi nao mpaka siku kijitundu kitakapoukaba.

Chuoni walitufundisha kutofautisha kwa tochi. Unaziba dirisha chumba kiwe giza, unamlaza mgonjwa, unaweka tochi nyuma ya uvimbe na kuwasha. Maji yanapitisha mwanga, uvimbe wote unang'aa wekundu wa kupendeza. Utumbo haupitishi kitu. Nilikuwa na gunia la kuzibia dirisha na tochi ya betri mbili, na betri zenyewe miaka ile zilikuwa hazipatikani hata kwa kumjua mwenye duka la kijiji. Zikichoka nilizianika juu ya bati zipate jua, zikanipa siku mbili tatu nyingine. Wanaume wote wa kijiji kile wenye uvimbe nilikuwa nimewamulika, isipokuwa mmoja.

Baba alianza kutembea miguu ikiwa imeachana wakati mimi bado niko chuoni. Niliporudi niliona, kwa sababu kwetu mtoto anatembea nyuma ya baba yake. Niliona pia kwamba siku hizi anakaa ukingoni mwa mkeka. Sikuuliza. Mtoto hatazami uchi wa mzazi wake, wala hautaji, na anayefanya hivyo anajitafutia radhi mbaya ambayo haitibiki zahanati. Siku moja mama, huku akipepeta mpunga na bila kuniangalia, aliniambia kwamba baba yangu ana busha.

"Busha ni maji tu, mama," nilimjibu. "Halina haraka."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chote nilichompima baba yangu. Mtu mwingine yeyote ningemlaza, ningeziba dirisha, ningemwambia akohoe, ningemuuliza kama uvimbe unapungua akiamka asubuhi. Mama angeweza kunijibu hilo la mwisho, maana ndiye aliyelala naye chumba kimoja. Lakini swali kama hilo mwanamume hamuulizi mama yake. Nilimtibu baba kwa kumtazama anavyotembea, na nikaridhika miaka sita.

Ilikuwa msimu wa korosho. Asubuhi moja baraza lilikuwa limejaa akina mama na watoto wao, nikamwona mama amesimama dirishani, nje ya foleni. Mama hakuwa na tabia ya kuja kazini kwangu.

"Baba yako tumbo," alisema.

"Tumbo lipi, mama?" Nilijibu kwa ukali wangu wa kila siku, kama vile ni mgonjwa mwingine tu. "Tumbo wapi?"

"Nenda ukamwone."

Njiani aliniambia mengine. Jana alasiri baba alinyanyua gunia la korosho, akalirudisha chini, akaingia ndani kulala. Tangu magharibi anatapika, na matapishi ya mwisho yalikuwa ya kijani. Hajaenda choo, wala hewa haijamtoka. Mama alinieleza hayo kwa mpango, moja baada ya jingine, nami kila alivyoongeza neno nikaongeza mwendo.

Nilimkuta amejikunja ubavuni, shuka limefika kifuani, uso umejaa jasho. Nikamwamkia, akaitika kwa shida. Aliniruhusu nimguse tumbo la juu. Lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Mkono wangu ulipoanza kuteremka, akaudaka kwa nguvu ambayo sikudhani anayo.

"Hapo basi."

"Baba, lazima nione."

"Hapo pana busha. Wewe mwenyewe ulimwambia mama yako ni maji tu, halina haraka."

"Huenda nilikosea."

"Huenda?"

"Sijui mpaka nione."

"Basi hutajua," alisema, na akafumba macho. "Busha halijapata kuua mtu. Hili ni tumbo, nipe dawa ya tumbo. Siendi hospitali kuvuliwa nguo kwa ajili ya tumbo, na mtoto niliyemzaa hanivui nguo. Afadhali nife na heshima yangu."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu tupu. Nilijua ninachokiogopa. Utumbo uliokabwa haupati damu, na usiopata damu unakufa, na ukifa na mwenyewe anaufuata. Tangu jana alasiri mpaka asubuhi hiyo saa zilikuwa zimeshakuwa nyingi. Kumbeba kwa nguvu sikuweza, maana baba akikataa jambo mbele ya watu hakuna jirani ambaye angeshika hata kona ya kitanda. Ilinibidi akubali mwenyewe, na ili akubali ilibidi ajue kwamba si busha, na mtu wa kumwonyesha hilo hakuweza kuwa mimi.

Ndipo nikamkumbuka mtani wake.

Alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge karibu na Soga, akaoa huku, akabaki. Shamba lake lilipakana na la baba. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wao hauna mipaka: mtani anaweza kuchukua kuku wako bila kuomba, anaweza kukutukania marehemu wako msibani, nawe huruhusiwi kununa. Hao wawili walikuwa wametukanana kila asubuhi tangu sijazaliwa, na hapakuwa na mtu baba aliyempenda zaidi ya yule nje ya nyumba yake. Na jambo moja zaidi. Mzee yule alikuwa na busha kubwa, halifichi, nami nilikuwa nimelimulika mwenyewe.

Nilipomweleza shida, hakucheka. Aliweka jembe chini. Tukapitia zahanati, nikachukua tochi na gunia, na njiani nikamfundisha kama tulivyofundishwa. Tochi inakaa nyuma. Akohoe, usikie kama kitu kinagonga mkono wako. Jaribu kuupapasa uvimbe kwa juu, pale kinenani: busha lina mwisho, unaweza kulishika shingo, lakini ngiri haina mwisho kwa sababu inatokea tumboni. Akarudia yote matatu kwa sauti bila kukosea.

Tulitundika gunia dirishani kwa baba. Mama alikaa uani. Mimi nilibaki sebuleni, nyuma ya pazia la mlango, nimeupa mgongo mlango wenyewe ili nisije nikaona hata kwa bahati mbaya.

"Umekuja kufanya nini?" Nilimsikia baba.

"Nimekuja kukagua mali yangu. Ukifa leo mimi ndiye mrithi."

"Toka."

"Sitoki. Mwanao anakuogopa, mimi nakuogopea nini? Funua."

Mtani hanuniwi, na baba alikuwa mtu wa desturi. Nikasikia shuka.

"Mguse taratibu," nilisema kutoka upande wangu. "Panauma?"

"Panauma," alisema baba, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya chumba.

"Pana joto," alisema mzee. "Pamekaza. Kohoa, Mzaramo. Haya. Hakuna kinachogonga. Na huku juu sipati shingo, mwanangu. Kinapanda tu."

"Washa tochi."

Nikasikia kubofya.

"Giza," alisema.

"Giza kabisa?"

"Giza. Ila hii tochi yako yenyewe imechoka. Mwanga wake mwekundu."

Betri zile zilikuwa zimeanikwa mara ya nne. Kama mwanga ni hafifu, hata maji yangeonekana giza, na baba angekuwa na sababu ya kubaki kitandani. Nilianza kusema aiweke nyuma ya kiganja chake ajaribu, lakini yule mzee alinitangulia.

"Ngoja," alisema. "Dawa ya tochi ninayo mwenyewe."

Nikasikia nguo nyingine ikifunuliwa, tochi ikabofya, na papo hapo, nyuma ya pazia, nikamsikia baba yangu aliyekuwa anakufa akicheka. Kicheko kilimkata kwa maumivu akakiacha katikati.

"Umeona?" aliuliza mtani wake. "Taa ya chemli. Ungeweza kusomea gazeti. Sasa tazama lako, tochi ileile." Ikabofya tena. "Langu mwanga, lako giza. Miaka yote umejisifu kwamba una busha kama mimi. Huna hata hilo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikasikia baba anavuta pumzi.

"Mwanangu," aliita.

"Naam, baba."

"Kama si maji, ni nini?"

Nilimweleza kupitia pazia, na nilitumia mbuzi wake. Nilimwambia kwamba ule ukuta wa nyama anaoupasua kwa ncha ya kisu, kwake yeye una kijitundu kimelegea kinenani, na utumbo umekuwa ukitoka na kurudi siku zote. Jana umetoka mwingi, na kijitundu kimeukaba kama kamba ya mdomo wa gunia. Chakula hakipiti, ndiyo maana kinarudi juu.

"Mwembamba au mpana?"

"Nadhani mwembamba."

"Damu inaufikia?"

"Sidhani, baba."

Nilikuwa mtoto mdogo siku baba alipompasua mbuzi wa harusi akakuta utumbo umejisokota, kipande kirefu cheusi, kimelegea, na kina harufu. Alimkataa mbuzi yule mzima mbele ya wenye harusi, akawaambia nyama ya mnyama aliyekuwa anakufa hailiwi. Nilijua anaukumbuka. Hapakuwa na mtu kijijini aliyejua kuliko yeye utumbo usio na damu unavyokuwa.

"Nipelekeni," alisema.

Nilipanda baiskeli mpaka Soga, kwenye ofisi ya shamba la mkonge, nikiwa na karatasi niliyoandika *ngiri iliyokabwa, apasuliwe leo*. Msimamizi aliisoma mara mbili, akatoa lori. Tulimlaza baba juu ya godoro nyuma ya lori, kichwa chake mapajani mwa mama, na mtani wake amemshikilia kiunoni ili mashimo ya barabara yasimtupe. Alimtukana njia nzima mpaka Kibaha. Baba alipoacha kumjibu, mzee yule aliongeza sauti, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Walimpasua alasiri ileile. Daktari alitoka akaniambia wamekata kipande cha utumbo, kama shubiri mbili, wakaunga kilichobaki, wakashona na kile kijitundu. Akasema pengine ataishi. Akaniuliza uvimbe ule ulianza lini, nikamwambia una zaidi ya miaka sita.

"Na nani alisema ni busha?"

"Mimi."

"Ulimmulika?"

"Sikummulika."

Akasubiri sababu. Sikuwa na sababu ya kitabibu. Nilimwambia ni baba yangu, naye akatikisa kichwa polepole, akaenda kunawa mikono. Hakunikaripia, na ningependa anikaripie. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kama mtoto, mama akiwa kando yangu, anaokota makapi ya korosho kwenye khanga yake kana kwamba hanioni.

Baba aliishi. Swali lake la kwanza aliloweza kuuliza lilikuwa utumbo uliokatwa wameupeleka wapi. Siku ya nane alisema uji wa hospitali umemshinda, na daktari akakubali arudi nyumbani, mradi nyuzi zitolewe zahanati baada ya siku nne. Aliposema zahanati aliniangalia mimi. Baba hakuniangalia.

Siku hizo nne nilizihesabu. Mtani aliweza kushika tochi, lakini nyuzi za kidonda asingeweza kuzitoa, ingawa alijitolea, na akasema atakuja na wembe wake wa kunyolea. Kibaha ni mbali, na lori haliazimwi kwa ajili ya nyuzi. Nyumbani baba hakuligusia jambo hilo hata mara moja. Tulizungumza korosho, mvua na bei ya magunia. Nilifikiri atakaa nazo mpaka zioze.

Asubuhi ya siku ya nne nilifungua mlango wa zahanati, nikamkuta kwenye benchi la barazani, katikati ya wagonjwa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa na kofia yake. Upande mmoja alikaa mwanamke mwenye mtoto wa kikohozi, upande mwingine kijana aliyefungwa kitambaa kidoleni. Nikafungua mdomo kumwamkia. Alinitangulia.

"Habari za kazi, mganga?"

Kwetu baba hamtangulii mtoto kumsalimu, wala hamsalimu kwa habari. Watu wote wa benchini walisikia, na hakuna aliyegeuka. Ilinichukua muda kidogo kuelewa alichokuwa ananipa.

"Nzuri, mzee," nilisema. "Subiri zamu yako."

Sijawahi kutamka maneno magumu kama hayo. Alisubiri. Nilimtibu mtoto, nilisafisha kidole, halafu nikaita anayefuata, naye akaingia, akafunga mlango mwenyewe.

"Nimekuja kutolewa nyuzi, mganga," alisema. "Nimeshonwa hapa kinenani."

Hakusema tumbo. Alilala kitandani, akavua kofia akajifunika nayo uso, akapandisha kanzu. Nilinawa mikono, nikachukua mkasi na koleo ndogo niliyokuwa nimeichemsha tangu alfajiri. Kidonda kilikuwa kikavu, kimeshikana vizuri, nyuzi nane nyeusi. Nikainama nikafanya kazi kama kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeshatoa uzi wa tatu aliposema kutoka chini ya kofia.

"Mganga, nina swali."

"Uliza, mzee."

"Miaka yote ile nilikuwa napita hapa mbele ya zahanati yako, kwenda shamba na kurudi. Kwa nini hukuniita ukanimulika?"

Mkasi ulisimama. Nilitazama ile kofia.

"Nilimwonea haya baba yangu," nilisema.

"Baba yako naye alikuonea haya. Mjinga huyo baba yako."

"Si yeye peke yake, mzee."

"Na wewe pia. Haya, endelea."

Nikamalizia tano zilizobaki. Akashusha kanzu, akakaa kwanza kama nilivyomwelekeza ili asipate kizunguzungu, akavaa kofia yake. Nilimwambia asinyanyue gunia miezi mitatu, akaitikia. Akasema ahsante, mganga, akatoka.

Nilihudumia wengine mpaka mchana. Nilipofunga mlango nikamkuta bado yuko barazani, peke yake, amekaa katikati ya benchi. Nilimwendea, nikainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amepika. Twende."

Akatangulia, nami nikafuata nyuma yake kama siku zote, na nikamtazama anavyotembea.